HiAce H200 ya fowili kama gari la kulala: lala chini yake kwanza, godoro baadaye

Mlango wa pembeni ukifunguliwa, macho yanakimbilia sakafu. Mita 3 kwenda mbele, mita 1.52 kwenda upande, bati tupu, na papo hapo mnunuzi ameshaona kitanda, kabati na jiko. Wengi hukosea hapohapo: wanapima godoro kabla hawajalala chali chini ya gari.

Kizazi cha H200 cha Toyota HiAce kilitoka mwaka 2004, na zilizotumika bado ziko mstari wa mbele kwa anayetaka kugeuza gari la mizigo kuwa chumba kinachofika pasipo lami. Linalotathminiwa hapa ni toleo la kazi lenye bodi refu na paa la chini, magurudumu yote manne yakipokea nguvu, yaani fowili: urefu mita 4.695, upana 1.695, kimo 1.98. Hukumu tuitoe mapema. Chumba ni kizuri, gari ni gumu, ila fowili yake ni ya kukutoa kwenye tope, mchanga mwepesi na mteremko wenye majani mabichi. Si ya kupanda mawe. Anayeipakia kama lori na kuiendesha kama Land Cruiser atakata sivijointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) kabla rangi ya kabati haijakauka.

Fowili ni kopo moja

Ndani ya gari hukuti fimbo ya pili ya gia, hukuti swichi ya kufunga difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kati ya magurudumu), wala gia nzito ya kupandia polepole. Kazi yote ya kugawa nguvu imeachiwa kaplingi ya viskasi, kopo lililozibwa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Humo ndani zimepangwa sahani nyembamba za chuma kwa zamu: moja imeshikwa na upande huu, inayofuata na upande ule, zote zimezama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu yote yakienda mwendo mmoja, sahani huzunguka pamoja na gari linajiendea kama la kusukumwa na nyuma. Ya nyuma yakianza kuteleza, sahani hupishana, mafuta yanazikamata, nguvu inavutwa kwenda mbele.

Maana yake kwa dereva ni kwamba msaada wa mbele huja kwa kuchelewa kidogo. Lazima nyuma izunguke bure kwanza. Kwenye tope hilo tu linatosha kuchimba shimo, kwa hiyo HiAce huingizwa ikiwa na mwendo wa kiasi na mguu uliotulia, haisimamishwi katikati kisha ikakanyagwa.

Kopo hilo halifunguliwi wala haliongezwi mafuta. Likifa hubadilishwa zima, na hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukamata moja kwa moja: ukikata kona kali kwenye lami kavu gari linajivuta kama limefungwa breki, tairi za mbele zinalia, na baada ya muda beringi na gia za transfa (boksi linalopeleka nguvu mbele na nyuma) ndizo zinazolipa. Ya pili ni kulegea, na hii ndiyo ya hila, kwa kuwa gari linakuwa jepesi na tamu barabarani. Utaijua siku ya tope.

Jeki na kipande cha bomba vitakujibu ndani ya dakika kumi. Egesha mahali pa bapa, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, gia iwe huru. Inua gurudumu moja la mbele, weka stendi, kisha tia spana ya magurudumu kwenye nati na uizungushe kwa bomba la kuongeza urefu. Kaplingi nzima hukuruhusu kuzungusha, lakini polepole na kwa ukinzani ulio sawasawa, kama mwiko ndani ya ugali unaokaribia kuiva. Ukiongeza kasi, nayo inaongeza ukaidi. Gurudumu likizunguka bwerere, kaplingi imelegea. Lisipoenda kabisa, imekamata. Fanya jaribio hilo gari likiwa baridi, halafu lirudie baada ya mwendo wa nusu saa, maana nyingine hukamata zikishapata moto tu.

Kinachoua kaplingi, mara nyingi, ni tairi. Ukifunga mbili mpya nyuma na mbili zilizokwisha mbele, mzingo wake hautalingana. Sahani zitapishana kila mita ya safari hata kwenye lami iliyonyooka, na mafuta yataungua taratibu. Kwenye gari hili tairi hununuliwa nne kwa pamoja, chapa moja, saizi moja, na huhamishwa mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Spea nayo iwe saizi hiyohiyo. Na gari likiharibika lisivutwe magurudumu mawili yakiwa hewani na mawili yakizunguka chini. Liende juu ya kitanda cha lori.

Na ile ya magurudumu mawili, je?

Swali hili halikosi: nina HiAce ya kusukumwa nyuma, naweza kuitia fowili? Inawezekana. Orodha ndiyo hii: giaboksi yenye transfa, propela mbili, difu ya mbele na mahali pake pa kufungia, shafti mbili za mbele na sivijointi zake, nako (vishikio vya habu) na habu za mbele, tosheni baa (vyuma vinavyojisokota badala ya springi) na mikono inayoendana navyo. Juu ya hayo, uwiano wa gia wa difu ya mbele lazima ulingane na wa difu ya nyuma. Ukipishana, umerudi kwenye ugonjwa wa tairi zisizolingana, safari hii ukiwa wa kudumu. Fundi anayechukua vipande hivi kutoka magari mawili tofauti bila kuhesabu meno ya difu anatengeneza jiko la kuchemshia kaplingi.

Kwa maoni yetu kazi hiyo ina maana pale tu gari zima la fowili lililogongwa linapatikana kwa pamoja, likiwa na kila boliti. Vinginevyo uza ulilo nalo, nunua lililotoka kiwandani na fowili.

Injini

Ya petroli, 2TR-FE ya lita 2.7, ndiyo ya kulala usingizi. Ina cheni badala ya mkanda, haina taabo, haina nozeli za kukupigia kelele. Dosari yake ni kiu, na tangi la lita 70 halikufikishi mbali ukiwa kwenye mchanga.

Dizeli ya lita 3.0, 1KD-FTV, ina nguvu ya chini inayoifaa zaidi gari isiyo na gia nzito, na kwa safari ndefu ndiyo chaguo letu. Lakini ikaguliwe kwa jicho kali. Chini ya kila nozeli kuna washa, pete ya kuziba, ya shaba. Ikishindwa kuziba, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili, oili inageuka masizi mazito, na vipande vyake hushuka hadi kwenye chujio la sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chujio likiziba, injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha imejaa. Dalili za awali ni mlio mkavu injini ikiwa baridi, moshi mweupe asubuhi, na uchafu mweusi mgumu kuzunguka nozeli kifuniko cha vavu kikifunguliwa. Sampu ifunguliwe na chujio litazamwe kabla ya kulipia, si baada ya kulipia. Ukishafungua, weka washa mpya zote nne.

Halafu kuna mkanda wa taimingi. Hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na kitabu cha soko gari lilikotoka, na taa yake ya onyo kwenye dashibodi inaweza kuzimwa na mtu yeyote bila mkanda kuguswa. Hakuna risiti? Hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa.

Otomatiki bila gia nzito ina adui mmoja, joto. Kwenye mchanga au mlima wa polepole toki konveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, inateleza muda wote, na oili ya giaboksi ndiyo inayobeba moto huo. Kipoza oili cha ziada, kilichofungwa mbele ya rejeta na kupata upepo, ni kifaa cha kwanza kununua, kabla ya taa za paa na kabla ya kila kinachopendeza kwenye picha. Oili ikinuka kuungua au ikiwa ya kahawia iliyokolea, acha gari hilo.

Kuinua, na tairi

Mbele kuna tosheni baa, nyuma kuna ekseli moja nzito juu ya springi za vyuma bapa. Kwa kuwa tosheni baa huinuliwa kwa kukaza boliti mbili tu, kila mtu hukaza. Hapo ndipo sivijointi zinapoumia. Shafti za mbele zimeundwa kufanya kazi karibu na usawa. Ukipandisha zaidi ya sentimita 4 bila kushusha difu ya mbele kwa spesa, pembe inakuwa kali, mpira wa kufunika sivijointi unajikunja na kujisugua, unapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Bolijointi za juu nazo hugonga mwisho wake, na gari linakuwa gumu kama mkokoteni kwa sababu shokapu imebaki bila nafasi ya kurefuka. Sentimita 3 hadi 4 mbele, kisha jani moja la ziada kwenye springi za nyuma, zinatosha. Baada ya hapo magurudumu yapimwe pembe upya, bila mjadala.

Saizi ya kiwanda kwa matoleo mengi ya kazi ni 195/80R15, yenye kipenyo cha takribani milimita 693. Wanaotaka tairi pana ya matope mara nyingi huchagua 215/70R16, milimita 707 hivi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini usukani ukikatwa wote na gari likiwa na mzigo tairi hugusa plastiki ya ndani ya mbele, na bila kuinua kidogo itagusa na bati. Zaidi ya saizi, soma namba ya uzito. Ya kiwanda ni 107/105, yaani kilo 975 kwa tairi ikiwa moja upande. Tairi nyingi za sura kali za saizi ya 215/70R16 zimetengenezewa magari ya abiria na zina namba 100, kilo 800. Kwenye gari la kulala lililojaa maji na mbao hiyo ni hatari. Tafuta yenye herufi C au LT, za magari ya mizigo.

Matundu ya kupumulia ya difu zote mbili na transfa yaongezewe mpira hadi juu ya usawa wa taa. Difu yenye moto ikitumbukia kwenye maji baridi huvuta hewa kwa ghafla, na ikikuta tundu liko chini ya maji, itavuta maji. Oili ya difu ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, imeshavuta. Kuhusu kina cha kuvuka, fuata bomba la kuvutia hewa la injini mpaka mdomo wake. Mdomo huo ndio mpaka wako.

Ndani: kilo, kutu na matundu

Kimo cha ndani ni mita 1.32, na ndicho kinachoamua kila kitu. Toa sentimita 4 za dari na kizuia joto, toa 30 za fremu ya kitanda, toa 8 za godoro: zimebaki 90. Mtu mzima wa kawaida anakaa wima hapo kwa shida kidogo, mrefu anainamisha kichwa. Ukinyanyua kitanda hadi sentimita 45 ili upate stoo kubwa chini, umejenga rafu ya kulalia ambayo huwezi kukaa na kunywa chai juu yake. Upana wa mita 1.52 nao unakataza kulala kwa kukingama, labda watoto. Kitanda kielekee mbele na nyuma, urefu wa sentimita 190, ubaki na mita 1.1 ya jiko na kabati nyuma ya viti.

Injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo mbele kuna uzito tayari, na fundi anasukuma kila kitu nyuma kabisa kwenye mlango mkubwa: tangi la maji, betri, kabati la vyombo. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kama mtu aliyekaa ncha ya pembea. Unashusha nyuma, unapunguza uzito wa mbele, usukani unakuwa mwepesi, na zile tairi za mbele ulizolipia fowili zinakosa mshiko. Maji na betri vikae kati ya ekseli mbili, chini, vikigusana na sakafu.

Karatasi moja ya plaiwudi ya mita 2.44 kwa 1.22, unene milimita 12, ina kilo 21 hivi. Ya milimita 18 ina kilo 32. Gari likila karatasi sita, tofauti ni kilo 66, sawa na kubeba mtu mzima asiyeshuka kamwe. Tumia 12 kwa kitanda chenye mihimili ya alumini, 9 au 6 kwa milango ya kabati. Lita 60 za maji ni kilo 60. Betri ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 hukaribia kilo 30, na nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuifupisha umri. Ya lithiamu chuma fosfeti ni kilo 11 au 12, na sehemu yake kubwa inatumika; isichajiwe tu chini ya nyuzi 0, wala isifungwe karibu na kifuniko cha injini.

Kabla ya skurubu yoyote kuingia sakafuni, ingia tena chini. Tangi la mafuta, mabomba ya breki na vifurushi vya waya vyote vinapita hapo, na drili haisikii. Tumia kwanza mashimo yenye nyuzi ya viti na mikanda yaliyoachwa wazi. Ndiyo imara kuliko chochote utakachotoboa, na kabati lililoshikwa na skurubu za mbao peke yake huruka mbele siku ya breki kali.

Kila tundu jipya la bati, hata la feni ya paa, lisuguliwe makali kwa tupa, lipakwe praima ya zinki, kisha rangi, na likauke kabla ya kuzibwa. Kuzibia kuwe kwa polyurethani ya magari. Silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na hula chuma kutoka ndani; mwaka wa kwanza husikii kitu, wa pili rangi inavimba. Nyuma ya kuta, foma ya seli zilizofungwa ya milimita 10 hadi 20 igandishwe moja kwa moja kwenye bati bila kuacha mfuko wa hewa. Watu wawili wakilala huacha nusu lita ya mvuke au zaidi kwa usiku mmoja, na mvuke huo unatafuta bati baridi. Usijaze foma ndani ya mihimili yenye matundu ya kutolea maji, wala usiyazibe matundu ya chini ya milango.

Umeme ni hesabu fupi. Friji ya kompresa ya lita 45 hula takribani Ah 35 kwa siku, taa, feni na simu nyingine 15. Sola ya wati 200 kwa saa 4 hadi 5 za jua kamili hurudisha kama hizo 50 baada ya hasara. Siku za mawingu chaja ya kutoka alteneta ya ampea 30 inaziba pengo, na hapa watu hubana matumizi pasipofaa: kwa njia ya mita 5, waya wa milimita mraba 6 unapoteza karibu volti 1, na betri ya nyuma haijai. Weka 16. Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa kuwa waya huo una umeme ncha zote mbili. Jiko la gesi liwe na tundu la hewa sakafuni, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, na king'ora cha kaboni monoksidi kiwe usawa wa mto.

Nani asiinunue

Anayejua kwamba njia zake ni korongo na mawe atafute Mitsubishi Delica Space Gear ya L400, iliyoanza 1994. Mfumo wake wa fowili, Super Select, una gia nzito na kufuli ya difu ya kati, mambo mawili HiAce haina. Kwa kubadilishana anapata chumba kidogo, gari la umri mkubwa, na dizeli ya 4M40 yenye sifa ya kupasuka silinda hedi ikikosa maji ya rejeta. Hapo lazima achague ugonjwa atakaouguza.

Aliyebaki na HiAce alijaze lote: maji, mafuta, watu, chakula. Alipeleke kwenye mizani, apime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, alinganishe na kibao cha uzito cha gari lenyewe, ndipo apange upepo wa tairi. Baada ya kilomita 500 za kwanza za njia mbovu boliti za U za springi za nyuma zitakuwa zimelegea, hasa pale jani la ziada lilipoongezwa. Zikazwe kwa toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza), gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, si juu ya jeki.